Kuchora Kisicho na Sura: Ushairi wa Upuuzi wa Carroll na Lear katika Filamu za Katuni

Ikisiri

Ushairi wa upuuzi wa Uingereza ya karne ya 19 hushika sarufi barabara huku ukificha kile kinachorejelewa na maneno yake. Filamu ya katuni, kwa upande wake, haiwezi kuficha kwa urahisi: kila kinachotajwa hudai mstari, rangi na mwendo. Makala hii inachunguza mgongano huo kwa kuangalia filamu ya *Alice in Wonderland* ya studio ya Disney (1951), *The Owl and the Pussycat* ya Halas na Batchelor (1952), *Jabberwocky* ya Jan Švankmajer (1971) na, kwa ufupi, filamu ya Tim Burton ya mwaka 2010. Tunadai kwamba filamu inayochora nomino za shairi hulipoteza shairi lenyewe, na kwamba filamu iliyofaulu zaidi ni ile iliyohamisha sarufi ya shairi na kuyaacha madubwana yake. Sehemu ya mwisho inaangalia mfumo wa ngeli za Kiswahili unavyolibadilisha tatizo hili.

1.0 Utangulizi

Edward Lear alichapisha *A Book of Nonsense* mwaka 1846. Lewis Carroll, ambaye jina lake halisi lilikuwa Charles Dodgson na kazi yake kufundisha hisabati Oxford, alitoa *Alice's Adventures in Wonderland* mwaka 1865, *Through the Looking-Glass* mwishoni mwa 1871, na utenzi wa *The Hunting of the Snark* mwaka 1876. Utanzu uliotokana na kazi hizi tunauita hapa ushairi wa upuuzi, ingawa jina hilo halituridhishi. Kupuuza ni kutotia maanani, na mpuuzi ni mtu ambaye maneno yake hayastahili kusikilizwa. Ilhali mashairi haya humtaka msomaji ayasikilize kwa makini kuliko anavyosikiliza mashairi mengine, kwa sababu sauti na sarufi ndivyo vitu pekee alivyopewa kushika. Tunalitumia jina hilo kwa kukosa lililo bora, na kwa sharti kwamba lisichukuliwe kuwa hukumu.

Mashairi haya yamewavutia watengenezaji wa filamu za katuni kwa sababu iliyo wazi. Yana wanyama wanaosema, bahari, safari na mazimwi, na katuni ni sanaa ambayo ndani yake bundi kuoa paka hakuhitaji kuelezwa. Urahisi huo una mtego ndani yake. Sehemu kubwa ya nguvu ya mashairi haya hukaa katika maneno ambayo hakuna ajuaye yanarejelea nini, na mchoraji hawezi kuchora neno, huchora kitu. Swali letu basi ni hili: filamu hufanya nini inapofika mahali ambapo shairi limekataa kusema?

2.0 Sarufi isiyo na kirejelewa

Ni kosa la kawaida kudhani kwamba upuuzi ni vurugu ya lugha. Ubeti wa kwanza wa *Jabberwocky* una nomino, vitenzi na vivumishi vya kubuni, lakini viunganishi, vibainishi na mpangilio wa tungo ni Kiingereza kisicho na dosari. Kwa msomaji wa Kiswahili jambo hili huonekana waziwazi zaidi tukitunga sentensi yetu wenyewe:

*Vitenjegu viliposhwaruka kisebe, jibwewe lilizengema mpwiroshoni.*

Hakuna kamusi itakayotusaidia hapa, na bado tunajua mengi. Tunajua kwamba vitenjegu ni zaidi ya kimoja, kwamba tukio lao limekwisha kupita na lilitangulia au kuambatana na tukio la pili, kwamba *kisebe* ni namna ya kutenda, kwamba jibwewe ni kubwa au la kutisha, na kwamba mpwirosho ni mahali. Hata miisho ya vitenzi hunong'ona. Kiishio *-uka* kinatukumbusha zinduka, chomoka na furuka, kwa hiyo tunahisi mruko wa ghafla. *-Ma* kinatukumbusha inama, simama na chutama, kwa hiyo tunaona mkao. Mtoto akiulizwa kitenjegu kimoja kitafanya nini kesho, atajibu bila kusita kuwa kitashwaruka.

Wanaisimu wameitumia hali hii kwa faida. Jaribio maarufu la Jean Berko la mwaka 1958 liliwataka watoto watie maneno ya kubuni katika wingi na katika wakati uliopita, na walifanya hivyo. Inafaa kukumbuka kwamba hata Berko alilazimika kuchora. Kiumbe aliyemwita *wug* alionyeshwa kwenye kadi kama ndege mdogo mnene, ili mtoto awe na kitu cha kuhesabu. Neno lisilo na maana lilipewa mwili papo hapo lilipohitaji kuonyeshwa.

Uundaji wa maneno ya Carroll nao si mgeni kwa mwanaisimu wa Kiswahili. Katika *Through the Looking-Glass*, Humpty Dumpty anamweleza Alice kuwa baadhi ya maneno ni maana mbili zilizotiwa katika mkoba mmoja. Huo ni uhulutishaji, njia ileile iliyotupa chajio kutokana na chakula cha jioni, na chamcha kutokana na chakula cha mchana. Tofauti ni kwamba chajio linaliwa, na maneno ya Carroll hayana pa kutua.

Kwamba hayana pa kutua kunathibitishwa na Carroll mwenyewe. Ubeti huo aliuandika mwaka 1855 katika *Mischmasch*, gazeti la nyumbani alilowatungia ndugu zake, akauambatanisha na fafanuzi. Humo *rath* ni aina ya kobe wa nchi kavu. Miaka 16 baadaye Humpty Dumpty anasema ni aina ya nguruwe wa kijani. Ndege aitwaye *borogove* alikuwa kasuku asiye na mabawa, kisha akawa ndege mwembamba aliyechakaa ambaye manyoya yake yamesimama kama ufagio. Virejelewa vimebadilika kabisa, wala sarufi ya ubeti haikutikisika hata kidogo. Anayechora kobe na anayechora nguruwe wote wawili wana idhini ya mtunzi, na kwa sababu hiyohiyo hakuna mwenye idhini.

3.0 Wachoraji kabla ya kamera

Tatizo hili halikuanza na filamu. John Tenniel alipochora zimwi la *Jabberwocky*, shairi lilikuwa limempa taya, kucha na macho yanayowaka, basi. Yeye akaongeza mabawa ya popo, shingo ndefu, kichwa kinachokaribia cha samaki na, kwa mzaha, fulana yenye vifungo. Picha ilikusudiwa kukaa mwanzoni mwa kitabu. Carroll aliingiwa na wasiwasi kuwa ingewatisha watoto, akawaandikia akina mama wapatao 30 kuomba ushauri, na hatimaye picha ikahamishiwa ndani. Shairi lenyewe hakulipeleka kwa mama yeyote. Alielewa kwamba zimwi la maneno halitishi kwa namna ileile kama zimwi la wino.

Ushahidi mzito zaidi ni wa *The Hunting of the Snark*. Henry Holiday, mchoraji wa utenzi huo, alichora pia Boojum, kile kiumbe ambacho anayekutana nacho hutoweka. Carroll aliisifu picha lakini akaikataa, kwa hoja kwamba Boojum lilipaswa kubaki lisiloweza kufikirika. Kitabu kikatoka bila hiyo. Kwa maoni yetu uamuzi huo una uzito wa kinadharia kuliko maelezo yote ya Humpty Dumpty, maana ndiyo mara pekee ambapo mtunzi alieleza bayana kuwa nafasi tupu ni sehemu ya kazi.

Hata hivyo Carroll hakuwa adui wa picha. Katika shairi la Walrus na Seremala alimpa Tenniel hiari ya kuchagua mhusika wa pili kati ya seremala, kipepeo na mtu mwenye cheo cha baroneti, kwa kuwa majina yote matatu kwa Kiingereza yalikuwa na mizani na mkazo unaolingana. Mshairi yeyote wa Kiswahili aliyewahi kutafuta neno la mizani mitatu la kufunga kipande ataitambua hali hiyo, ingawa huenda asiikiri. Mhusika aliingia katika fasihi ya ulimwengu kwa sababu ya mizani na mkono wa mchoraji. Maana haikuulizwa.

4.0 Disney 1951: chaza na paka

Filamu ya Disney ina majibu mawili yanayopingana kwa swali letu, na wahakiki wanaoitaja kwa jumla huyachanganya.

Jibu la kwanza ni kisa cha Walrus na Seremala, kinachosimuliwa na Tweedledum na Tweedledee. Katika shairi, wawili hao huwashawishi chaza wadogo kutembea nao ufukweni, kisha wanawala pamoja, mmoja akilia huku akichagua walio wakubwa. Baadaye Alice anajaribu kutoa hukumu. Anampendelea Walrus kwa kuwa angalau alisikitika. Anaambiwa ndiye aliyekula zaidi. Anamgeukia Seremala, anaambiwa alikula kadiri alivyoweza kupata. Mizani ya nia inaonyesha upande mmoja, mizani ya tendo upande mwingine, na mtoto anaachwa bila mshindi. Huo ndio upuuzi katika ukamilifu wake: umbo la hukumu lipo, hukumu haipo.

Filamu imeuziba mwanya huo. Walrus amefanywa tapeli mwenye maneno matamu na Seremala mfanyakazi mwenye pupa. Walrus anamtuma mwenzake akaandae chakula, anawala chaza wote peke yake, na Seremala anarudi kukuta makombe matupu kisha anamkimbiza kwa hasira. Chaza mzee ambaye katika shairi alikataa kutoka amegeuzwa mama anayewaonya watoto wake. Sasa kuna mhalifu, kuna aliyedhulumiwa, kuna mama mwenye busara ambaye hakusikilizwa. Ni kisa kizuri, kimechorwa kwa ustadi na kinachekesha; lakini kimekuwa hekaya ya mafunzo, utanzu uleule ambao Carroll alikuwa akiukejeli. Asiyesikia la mkuu, kama wasemavyo wahenga, huvunjika guu. Sidhani kama kuna mahali pengine katika filamu hiyo ambapo upotevu ni mkubwa kiasi hiki, na watazamaji wengi hawautambui kwa sababu nafasi yake imejazwa vizuri mno.

Jibu la pili limo katika Paka wa Cheshire. Michoro ya zimwi la *Jabberwocky* iliandaliwa wakati wa matayarisho, lakini haikuingia katika filamu. Kilichobaki ni ubeti wa kwanza tu, ukiwa wimbo wa paka. Na tazama kamera inafanya nini: haionyeshi hata kiumbe mmoja kati ya wale wanaotajwa. Inamwonyesha paka akitokea kipande kwa kipande, meno kwanza, macho baadaye, kisha mwili. Akiondoka, nyayo zinatembea bila miguu. Anavua kichwa na kusimama juu yake. Mwili wa paka unatenda kama maneno ya ubeti: viungo vimeshikamana kwa kanuni, lakini mwenye viungo hayupo. Huenda lilikuwa suala la muda na gharama tu. Hata hivyo, hapa Disney hawakuchora nomino. Walichora namna ya kutokuwepo, na sekunde hizo chache zinamkaribia Carroll kuliko kisa kizima cha chaza.

5.0 Kijiko cha Lear

Lear anahitaji maelezo mafupi zaidi, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mchoraji na upuuzi wake mwingi ulizaliwa pamoja na picha. *The Owl and the Pussycat* ya John Halas na Joy Batchelor, iliyotolewa Uingereza mwaka 1952, ni filamu fupi iliyotengenezwa kwa mbinu ya kutazamwa kwa pande tatu, miongoni mwa katuni za mwanzo za aina hiyo. Mashua, ndege na mnyama ni vitu vinavyojulikana. Ajabu imo katika ndoa yao, na ajabu hiyo inachoreka.

Kinachogoma ni kijiko. Lear alikiita kwa kivumishi *runcible*, ambacho hakikuwahi kuwa na maana, na ambacho mahali pengine alikitumia kwa kofia, kwa paka na kwa ukuta. Katika alfabeti yake moja ya picha alimchora bata anayekamata vyura kwa kijiko cha aina hiyo, na kijiko chenyewe kinafanana na upawa wa kawaida. Baadaye kamusi za Kiingereza ziliamua kuwa ni chombo chenye meno kama uma na ukingo wa kukata. Kivumishi kilichokuwa huru kilifungwa kwenye meza ya chakula, na tangu hapo mchoraji yeyote ana kijiko cha kununua dukani.

6.0 Švankmajer: kuhamisha sarufi

Jan Švankmajer alizaliwa Prague mwaka 1934 na kujiunga na kundi la wasurealisti wa Chekoslovakia mwaka 1970. Filamu yake ya *Jabberwocky*, yenye urefu wa takribani dakika 14, ilitoka mwaka 1971. Haina michoro mingi. Imetengenezwa kwa kusogeza vitu halisi kidogo kidogo na kupiga picha moja moja, hadi vitu hivyo vionekane vinaishi: vinyago vya watoto, fanicha kuukuu, nguo, vyombo vya chai.

Mwanzoni sauti ya mtoto inalisoma shairi lote. Kisha sauti inanyamaza, na kwa sehemu iliyobaki hakuna neno. Hakuna zimwi, hakuna shujaa, hakuna upanga. Mtazamaji aliyekuja kumwona Jabberwock atatoka mikono mitupu. Badala yake kabati linapita msituni peke yake. Suti ya kibaharia ya mtoto inacheza bila mtoto ndani yake. Wanasesere wanapikwa na kuandaliwa mezani, na wanaokula ni wanasesere wenzao. Kisu cha kukunja kinacheza juu ya meza kama mwanasarakasi, kinajikunja, na damu inatoka.

Wahakiki wengi wameisoma filamu hii kwa macho ya nadharia ya Freud: utoto, baba, hofu, ukomavu. Usomaji huo una msingi, kwani picha ya mwanamume mwenye sura kali imetundikwa ukutani na mwishoni kabatini mna suti nyeusi ya mtu mzima. Tunachokikosa ni jibu la kwa nini filamu iitwe *Jabberwocky*. Kama ni ndoto ya utoto tu, ingeweza kuitwa jina lolote.

Jibu letu limo katika urudiaji. Kati ya kila onyesho na lifuatalo, vipande vya mbao vya kuchezea hujipanga kuwa ukuta wenye mchoro wa njia zilizopotana. Mstari wa wino unaanza kutafuta njia ya kutoka, unakwama, na paka mweusi anaruka na kuuangusha ukuta. Kisha onyesho jipya. Mtazamaji hajui mstari unatafuta nini wala paka ni wa nani, lakini baada ya mara ya pili anajua kanuni: ukuta, mstari, kukwama, paka. Akiona vipande vinajipanga anamngojea paka, kama vile msikilizaji wetu anavyongojea *vi-* ya kitenzi baada ya *vi-* ya nomino. Huu ni upatanisho wa kisarufi uliojengwa kwa vitu. Vizio vyake havina maana iliyotajwa, na uhusiano kati yavyo hauna shaka. Mwishoni mstari unatoka nje ya fumbo, na paka amefungiwa katika tundu. Kanuni imevunjwa, nasi tunahisi kuvunjwa kwake kama tungehisi sentensi iliyokosa kiishio.

Shairi la Carroll linaishia kwa kurudia ubeti wa kwanza bila kubadilisha neno. Zimwi limeuawa, na ulimwengu wa vitenzi vya ajabu unaendelea kama hakuna lililotokea. Švankmajer ameukataa mwisho huo. Ubeti wake wa mwanzo haurudi, kwa sababu mtoto amekua. Hapo ndipo filamu inapoachana na shairi, na tunaona ni haki yake, maana imeachana nalo ikijua inaacha nini.

Ulinganisho na filamu ya Tim Burton ya mwaka 2010, yenye viumbe vingi vya kompyuta, unaweza kufanywa kwa maneno machache. Humo shairi limegeuzwa utabiri ulioandikwa katika hati: siku ambayo kwa Carroll ilikuwa mlio wa furaha imekuwa tarehe ya vita, na kivumishi cha upanga kimekuwa jina la silaha maalumu inayotafutwa. Hata jina la shairi limekuwa jina la zimwi. Kila neno limepata kirejelewa, na zimwi la Tenniel limepata misuli. Ni filamu ya mapambano kama nyingine. Upuuzi umetoka humo wote.

7.0 Ngeli kama mchoraji wa kwanza

Kiswahili kina uhusiano wa muda mrefu na Carroll. *Elisi Katika Nchi ya Ajabu*, tafsiri ya E. V. St Lo Conan-Davies, ilichapishwa London mwaka 1940, na picha zake zilichorwa upya ili Elisi awe msichana wa Kiafrika. Tafsiri nyingine, *Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu* ya Ida Hadjivayanis, ilitoka mwaka 2015. Zote mbili ni za kitabu cha kwanza. *Jabberwocky* limo katika cha pili. Kwa hiyo maneno yale hayakuwakabili wafasiri hao.

Yatakapomkabili mfasiri, na baada yake mtengenezaji wa katuni, atagundua kwamba Kiswahili kinachora mapema kuliko Kiingereza. Turudi kwenye sentensi yetu. Tulisema *vitenjegu viliposhwaruka*. Tungeweza kusema *vitenjegu waliposhwaruka*, kama tusemavyo viboko walizama au vipepeo waliruka. Silabi moja imebadilika, na viumbe wamepata pumzi. Anayechora vitenjegu wa *wa-* lazima awape macho. Anayechora vya *vi-* na kuvitia macho amekosea sarufi. Kiingereza cha Carroll kinaweza kunyamaza kuhusu uhai wa kinachotajwa. Kiswahili, katika ngeli nyingi, hakiwezi. Vivyo hivyo zimwi: akilipa *ji-* na upatanisho wa *li-*, amelipa ukubwa na amelinyima utu, akilipa *m-* na *a-*, amelikaribisha barazani. Mfasiri atakuwa Tenniel kabla ya Tenniel kushika kalamu.

Ugumu huu unafikia kilele chake kwa Boojum, ambalo katika aya hii tu tumekwisha kulitia katika ngeli ya *li-* bila ruhusa ya Carroll. Kuna njia moja tunayoiona, nayo ni ngeli za mahali. Tukisema *kulinguruma*, *palinyamaza* au *mlikuwa na baridi*, kiima kipo na upatanisho umetimia, lakini hakuna aliyetajwa. Pametajwa tu pahala. Utenzi wa Kiswahili unaweza kumfikisha mwindaji ukingoni na kumwacha apotee *huko*, kwa vitenzi vyote vya *ku-*, bila nomino hata moja ya kiumbe. Mchoraji akiuliza achore nini, jibu litakuwa katika kiambishi: achore jabali, ukungu na nyasi zilizolala upande mmoja, kisha aizuie kamera ikae hapo muda mrefu kidogo kuliko mtazamaji anavyopenda.